Mlinzi Asiyeshuka Dunguni: Dhiki, Kinga ya Mwili na Maradhi ya Sonona

 

Nataka tuzungumze habari ya huzuni. Wala si ile huzuni ya siku mbili tatu, imjiayo kila mwanadamu kisha ikamwacha, bali ile ikaayo wiki baada ya wiki, ikamwondolea mtu ladha ya chakula, na usingizi, na hamu ya kazi, na hata furaha ya kuwaona watoto wake, mpaka akajiona kuwa mzigo kwa nafsi yake na kwa jamaa zake. Maradhi hayo wenzetu wa Tanzania huyaita sonona, na hapa kwetu Kenya wengi huyaita unyogovu. Mimi jioni hii nitashika neno sonona, kwa kuwa lina nasaba na kitenzi kikongwe cha kusonona, yaani kuumia moyoni.

Basi swali letu ni hili, nami nawaomba mlishike mpaka mwisho: je, maradhi haya ni ya moyo peke yake, au mwili nao una sehemu yake? Na kama mwili una sehemu, ni sehemu gani?

Wazee waliotuachia lugha hii hawakuwa na darubini wala maabara, lakini walipotaka kueleza kwamba fulani ametiwa uchungu usio kifani, walisema amekatwa maini. Na mtu aliyelemewa na hamu na ghamu walimtazama mashavu na mabega, wakasema amekonda kwa mawazo. Hawakuona ajabu kwamba jambo lililoanza moyoni lionekane mwilini. Elimu ya tiba ya siku hizi, baada ya kuzunguka sana, imerudi karibu na pale pale walipokuwa wazee, ila sasa inaweza kutuonyesha njia ambayo huzuni hupitia.

Chukueni mfano wa mama mmoja, nisiyemtaja jina kwa kuwa mfano wake ni wa wengi. Ana shamba la ekari mbili kwenye mteremko upande wa Mwala, hapa Machakos. Mvua za vuli, ambazo katika Ukambani wetu ndizo tegemeo kuliko za masika, zimemkosa mara mbili mfululizo, na mahindi yamekauka yakiwa ndiyo kwanza yatoe mbelewele. Mumewe yuko Athi River akitafuta kibarua, na fedha hazifiki kwa wakati; mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo; na chama cha kina mama kinangoja mchango wake. Usiku halali. Huamka saa tisa, akazipiga hesabu zile zile alizozipiga jana, na jibu likawa lile lile.

Mwezi wa tatu wa hali hiyo anakwenda zahanati. Anasema nini huko? Hasemi kwamba ana huzuni. Anasema kichwa kinamwanga, mgongo unamuuma, moyo unamwenda mbio, na mwili umelegea kama uliopigwa. Anapimwa malaria, anapimwa homa ya matumbo, anapewa vidonge vya maumivu, anarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili yuko pale pale. Na katika safari zote hizo hapana mtu aliyemuuliza, Mama, unalala?

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1979 Profesa David Ndetei, mtaalamu wetu maarufu wa maradhi ya akili, pamoja na mwenzake Muhangi, walichapisha uchunguzi walioufanya kwa wagonjwa wa kawaida waliofika kwenye zahanati ya mashambani hapa Kenya, wakakuta kwamba takriban mmoja katika kila watano alikuwa na maradhi ya nafsi. Watu hao hawakufika hospitali ya wagonjwa wa akili, bali walikaa katika foleni moja na wenye kikohozi na wenye vidonda.

Sasa tuingie ndani ya mwili wa mama yule. Nitatumia mfano wa shamba, kwa sababu shamba twalijua sote.

Mtama unapokomaa, ndege huja kwa makundi, na mwenye shamba hujenga dungu, akamweka juu yake kijana mwenye kombeo ili awinge. Chini yupo msimamizi: ndege wakionekana, hupaza sauti na kijana hurusha mawe, ndege wakiondoka, msimamizi husema, Basi! na kijana huketi akapumzika. Mwili wa binadamu nao una walinzi wa namna hiyo, nao ni chembe nyeupe za damu pamoja na kemikali ambazo chembe hizo hutumiana kama matarishi, zinazoitwa sitokini. Adui aingiapo, kama kijidudu cha homa au uchafu wa kidonda, walinzi hurusha mawe yao, na pale penye vita pakavimba, pakawa pekundu, pakapata joto. Hali hiyo matabibu huiita mchochota. Na msimamizi asemaye basi ni homoni iitwayo kotisoli, itokayo katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Mpaka hapa hapana ubaya wowote. Bila walinzi hao tungalikufa kwa mwiba mmoja.

Lakini itakuwaje endapo hatari haiondoki? Mwili hauna kengele moja ya simba na nyingine ya karo. Dhiki ya deni, ya ugomvi wa nyumbani, ya ukame usiokwisha, huziamsha tezi zile zile ambazo zingaliamshwa na chui mlangoni. Tofauti ni kwamba chui huja akaenda, na deni hulala nawe. Kotisoli humwagwa usiku na mchana, msimamizi hupiga kelele bila kupumzika, na mwisho wake ni ule aujuao kila mzazi: anayepiga kelele kutwa hasikilizwi. Chembe za kinga humzoea msimamizi, zikawa kama viziwi kwake, na neno basi likakosa maana. Mlinzi basi hashuki dunguni. Amechoka, haoni vizuri, naye angali akirusha mawe. Ndege halisi wampita, ilhali mawe yake yavunja masuke ya mtama wa bwana wake.

Nalirudia hili, kwa kuwa ndilo kiini cha maneno yangu. Dhiki ya muda mrefu huiletea kinga ya mwili makosa mawili kwa pamoja: huidhoofisha mbele ya adui wa kweli, na huifanya ichokoze mwili wenyewe kwa mchochota wa chini chini usiokwisha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

Pengine msikilizaji mmoja atauliza, ushahidi uko wapi? Ni swali la haki. Mwaka 1936, huko Montreal nchini Canada, mwanasayansi mwenye asili ya Hungaria aitwaye Hans Selye aliwatia panya katika mashaka ya kila namna, baridi, majeraha na kazi ya kuchosha, kisha akawapasua. Akakuta kila mara alama tatu, ijapokuwa mashaka yalikuwa mbalimbali: zile tezi za juu ya figo zimekuwa kubwa, tumbo limefanya vidonda, na kitezi kilicho nyuma ya mfupa wa kidari, ambacho ni kama chuo cha kuwafunzia walinzi wa mwili, kimesinyaa.

Na msidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu. Katika miaka ya 1980, katika kituo kimoja cha utafiti wa nyani hapa hapa Kenya, walikuwapo tumbili walionaswa porini; na tumbili mnamjua, ndiye yule ambaye mkulima wa Machakos humlaani kila msimu. Baadhi yao, waliowekwa pamoja na wakubwa wao wasiwe na pa kukimbilia, walionewa mfululizo, wakafa bila kuuawa na mtu. Walipochunguzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1989, walikutwa wana vidonda vya tumbo na tezi zilizokua, kama panya wa Selye. Na zaidi ya hayo, chembe za ile sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu zilikuwa zimeharibika. Sehemu hiyo hiyo, kwa wanadamu waliokaa na sonona muda mrefu, aghalabu huonekana imepungua ukubwa. Tumbili hana karo ya kulipa wala hasomi magazeti, lakini kuonewa bila njia ya kutoka kulimwingia mpaka ubongoni.

Na kwa wanadamu je? Huko Ohio, Marekani, wataalamu waliwachukua wanawake waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wazee waliopotewa na akili, wakawatia kidonda kidogo mkononi kwa ridhaa yao, kisha wakawalinganisha na wanawake wa umri kama wao wasiokuwa na mzigo huo. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku tisa. Siku tisa, wasikilizaji, kwa kidonda kidogo! Mama anayemuuguza mama mkwe wake mwaka wa tatu, usiku na mchana, huenda asiseme neno. Ngozi yake itamsemea.

Twaibu. Tumeona jinsi dhiki iingiavyo katika kinga. Sasa tutazame njia ya kurudi, yaani jinsi kinga nayo iingiavyo katika moyo, kwani hapo ndipo penye maajabu.

Kumbuka siku ulipoumwa malaria. Achana na joto na kutetemeka. Kumbuka hali ya nafsi yako. Hukutaka chakula. Hukutaka wageni, hata wale uwapendao. Mwanga ulikuudhi, mazungumzo yalikuchosha, na ukijaribu kusoma barua mistari ilikimbia. Ulitaka kulala ukiutazama ukuta. Je, hali hiyo ililetwa na kijidudu cha malaria peke yake? La hasha. Sehemu kubwa ililetwa na matarishi wa kinga yako mwenyewe, zile sitokini, ambazo habari zake hufika ubongoni kwa njia ya damu na kwa njia ya mshipa mrefu wa fahamu upandao kutoka tumboni na kifuani, zikauambia ubongo: Mfungie mtu huyu ndani, asitumie nguvu, vita vinaendelea. Ni hekima ya maumbile, maana mgonjwa apumzikaye hupona upesi.

Sasa zihesabu tena dalili zile: kukosa hamu ya chakula, kuwakimbia watu, kuchoka bila kazi, kushindwa kutuliza fikira, kutoona ladha ya jambo lolote. Mwazitambua? Ndizo hizo hizo dalili za sonona, au sehemu yake kubwa. Basi mwili ambao mlinzi wake hakushuka dunguni huweza kuupelekea ubongo agizo la ugonjwa siku baada ya siku, ilhali homa haipo na kipimo hakionyeshi kijidudu.

Jambo hili lilidhihirika wazi kwa wagonjwa wa homa ya ini ya aina ya C, ambao kwa miaka mingi walitibiwa kwa dawa iitwayo interferoni, nayo ni mmojawapo wa matarishi hao wa kinga. Wengi wao, pengine robo au zaidi, waliingia katika sonona wakiwa katika matibabu. Watu ambao hawakupata msiba mpya wala deni jipya, ila waliongezewa tarishi wa kinga katika damu. Hapo matabibu walisadiki kwamba kinga ya mwili yaweza kumshusha mtu moyo.

Lakini hapa, ndugu zangu, natia breki, kwa sababu nusu ya elimu ni hatari. Sisemi kwamba kila sonona ni mchochota. Wagonjwa wa sonona wapimwapo damu, ni kama robo tu wanaokutwa na mchochota dhahiri. Waliobaki wamefika hapo kwa njia nyingine, ya urithi, ya msiba, ya mambo ya utotoni, ya pombe, ya upweke. Huko Atlanta, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa wa sonona ambao dawa za kawaida hazikuwafaa walipewa dawa kali ya kuzima mchochota, na kwa jumla hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa ya bure isiyo na kitu. Waliofaidika walikuwa wale tu ambao mchochota wao ulikuwa mwingi tangu mwanzo. Kwa hiyo asitoke mtu kesho asubuhi akaenda kununua vidonge vya maumivu kwa matumaini ya kuponya huzuni. Ataumiza tumbo na figo, na huzuni itabaki.

Faida ya elimu hii ni nini basi, kama haitupi kidonge? Faida yake ya kwanza ni insafu. Mama yule wa Mwala amekwisha kuitwa mvivu na shemeji zake; jirani mmoja amesema karogwa; na kanisani amenong'onezwa kwamba imani yake ni haba. Lau angalivunjika mguu, nani angalimwambia asimame kwa imani? Tumeona kwamba dhiki ina njia katika damu, katika tezi na katika ubongo. Aliyelala kwa sonona amelemewa, kama alivyolemewa mwenye homa, na mwenye homa hatukanwi kwa kulala.

Faida ya pili ni kujua pa kushika. Mzunguko huu una viungo vingi, na kiungo kimoja kikikatwa wote hulegea. Usingizi ni kiungo: mtu asiyelala, mchochota wake huongezeka. Mwendo ni kiungo: kutembea kila siku hupunguza mchochota na hupunguza sonona vilevile. Pombe ni kiungo kibaya, kwani hukopesha usingizi kwa riba kubwa. Na kiungo kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni watu.

Mwaka 2002, katika vijiji thelathini vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watu waliokuwa na sonona katika nusu ya vijiji hivyo walikutanishwa kwa vikundi, mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi na sita. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi. Walizungumza habari ya misiba, ya ugomvi, ya maisha yaliyobadilika ghafula. Hapakutolewa kidonge. Mwishoni, wengi mno wa wale waliokutana walikuwa wametoka katika sonona, wakiwazidi kwa mbali wale wa vijiji vingine.

Watu wa Machakos, jambo hilo lingetushangaza sisi? Ukame wa mwaka 1984, ambao wazee wanaukumbuka kwa jina la Nikwa Ngwete, yaani nafa na fedha mkononi, haukuvukwa na mtu mmoja mmoja. Na matuta yale ya fanya juu yanayoshika udongo wa vilima vyetu, yaliyolimwa kwa majembe na mikono, mengi yake ni kazi ya mwethya, vikundi vya majirani waliozunguka leo kwa huyu na kesho kwa yule. Mwethya uliweza kuuzuia udongo usiteremke mtoni. Kwa nini tusiufanye uwazuie watu nao?

Wala matibabu hayako mbali kama zamani, ambapo aliyetajwa kuwa mgonjwa wa nafsi alifikiriwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari tu. Kwa jirani zetu wa Makueni, waliokuwa wilaya moja nasi mpaka mwaka 1992, Profesa Ndetei na wenzake wamewafunza wahudumu wa afya, na pamoja nao waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, waitambue sonona na wampeleke mgonjwa kwa tabibu. Huko ni kumfuata mgonjwa pale aendapo kwa desturi yake. Na kwa yule ambaye dhiki imemfikisha mahali pa kutamani kufa, nasema kwa upole na kwa mkazo: usibaki peke yako usiku wa leo, mwambie mtu, na kesho nenda hospitali. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu yetu ilitamka kwamba sheria ya kumshitaki mtu kwa kujaribu kujiua inakwenda kinyume cha Katiba. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na sababu moja ya kuficha imekwisha kuondolewa.

Muda wetu unakaribia kwisha, basi nayakusanya. Kwanza, dhiki ya muda mrefu huichosha kinga ya mwili na kuitia wazimu. Pili, kinga iliyochafuka huweza kuushusha moyo, kama ifanyavyo katika homa. Tatu, si kila sonona ina asili hiyo, kwa hiyo tabibu ndiye wa kupambanua, wala si duka la dawa. Nne, mzigo hupungua kwa usingizi, kwa mwendo, kwa matibabu na kwa watu.

Nami nawaachia kazi moja ndogo, isiyo na gharama. Wiki hii mtazame jirani yako aliyeacha kufika kwenye chama, au ndugu yako asemaye kila siku kwamba mwili umechoka. Usimpe nasaha, wala usimsimulie matatizo yako. Keti naye, umuulize lile swali ambalo zahanati ilisahau: Unalala? Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.